Naomba Msimpokee Meneja Jumatatu

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro.

KUHUSU: KUTOMPOKEA MDOGO WANGU DARASA LA AWALI

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Najua barua rasmi haianzi na shikamoo, tulifundishwa hivyo na nikaandika hivyo kwenye mtihani, lakini wewe ni mkubwa wangu na sioni nitakavyokulalamikia kabla ya kukusalimu. Natumaini u mzima, na walimu wako ni wazima, na kwamba likizoni mmepumzika vya kutosha, maana nguvu mtazihitaji.

Mimi ni msichana niliyemaliza shule mwaka huu, niko nyumbani nasubiri matokeo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka mitano na anatarajiwa kuanza darasa la awali shuleni kwako Jumatatu asubuhi. Mtaa mzima unamwita Meneja, kwa sababu tangu alipojua kutembea hupita mlango hadi mlango akiuliza watu wanafanya nini na watamaliza lini. Wewe pia umeshakutana naye. Ni yule aliyekuuliza, siku ya kuandikishwa, kwa nini kiti chako kinazunguka na cha mwalimu wa darasa hakizunguki.

Naandika kukuomba, kwa heshima zote, usimpokee.

Sisemi usimpokee maisha. Nasema usimpokee Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo natakiwa kwenda kwa mwenye duka la dawa, lile la karibu na kituo cha mafuta, kumwomba anichukue nijifunze kazi. Mama ameshazungumza naye. Amesema hana neno, ila niende mwenyewe nijieleze. Hapo kwenye kujieleza ndipo penye shida. Mimi sijielezi. Meneja ndiye anayenieleza.

Tangu utotoni, nikitazamwa na mtu nisiyemzoea, sauti yangu hurudi tumboni na kukaa huko mpaka mtu huyo aondoke. Shuleni walimu walidhani nina adabu, wakanipa cheti cha nidhamu. Sasa niko nyumbani, na kila siku natumwa dukani pamoja na Meneja. Nimemshika mkono, kwa hiyo watu wanadhani mimi ndiye ninayempeleka. Tukifika, yeye husema, "Dada anataka chumvi na sabuni ya kipande, na usimpe ile iliyolowa." Mwenye duka huuliza, "Kwani dada yako hana mdomo?" Naye humjibu, "Anao, ila ni wa kulia chakula." Narudi nyumbani na chumvi. Mambo yanakwenda vizuri kabisa hivyo. Sasa shule yako inataka kumchukua mtu huyu kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana, siku tano kwa juma, na hakuna aliyeuliza nani atabaki kusema.

Nikiishia hapo utasema nina ubinafsi. Kwa hiyo nimetafakari kwa makini, na nimegundua kwamba kosa liko shuleni. Siku ya kikao cha wazazi nilikuja mimi badala ya mama. Mwalimu wa darasa la awali alituambia mambo ambayo mtoto anapaswa awe ameyaweza kabla ya kufika. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali. Mimi nilikuwa nalo. Mkono wangu ulifika usawa wa bega, mama mmoja wa mbele akageuka kunitazama, nikajikuna sikio. Ndiyo maana swali langu linakuja kwa barua, tena likiwa limezaa. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Mwalimu alisema mtoto aje akiwa anajua kuvaa viatu na kufunga kamba mwenyewe. Tulimfundisha. Bibi alimfundishia kwenye mkanda wa gauni lake, baba kwenye kile kitambaa anachowafunga wateja shingoni, maana baba ni kinyozi, ananyolea barazani kwetu. Sasa anajua, na hilo ndilo lalamiko langu. Mtu aliyejua kitu jana hataki kusaidiwa leo. Kila asubuhi anakaa kizingitini, miguu imeziba mlango, ulimi uko nje, anafunga. Akimaliza cha kushoto anakifungua ili aone alikifungaje. Hakuna anayetoka. Baba hukutana na wateja wake barazani kwa macho tu, yeye ndani wao nje, na mmoja ameshahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Na viatu vyake vikiisha hutafuta vingine. Juzi wakati wa chakula alifunga kiatu cha kulia cha baba kwenye kiatu cha kushoto cha baba, chini ya meza, kwa nia njema, ili visipotezane. Baba alipoinuka, jirani wa pili alisikia.

2. Mwalimu alisema mtoto ajue jina lake kamili na majina ya wazazi wake. Mheshimiwa, nyumbani kwetu hakuna anayemwita mtu jina. Meneja amerithi jina la babu, kwa hiyo baba hawezi kulitamka bila kuonekana anamkosea heshima mzazi wake, anamwita "baba." Bibi anamwita "mume wangu," kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao. Ndiyo maana siku ya kuandikishwa, mwalimu alipomuuliza anaitwa nani, alijibu, "Baba ananiita Baba." Na baba yako anaitwa nani? "Naye Baba." Akaulizwa nyumbani anaishi na nani. Akasema, "Na mke wangu, ila leo hakuja, meno yanamuuma." Mwalimu akaandika kitu. Naomba kama inawezekana kifutwe.

Tukamfundisha majina. Sasa anatuita sote kwa majina kamili, matatu matatu, kama karani wa mahakama. Bibi hakuwa ameitwa jina lake tangu aolewe. Aliposikia mara ya kwanza aligeuka kutazama ni nani ameingia. Kisha akakaa kitandani akasema, "Mume wangu wa kwanza alichukuliwa na Mungu, nikanyamaza. Huyu wa pili anachukuliwa na shule, na asubuhi tu alikuwa amekaa mapajani." Hataki kula vizuri tangu siku hiyo, ingawa meno nayo yanachangia.

3. Mwalimu alisema mtoto azoee kunyosha mkono kabla ya kusema. Hili ndilo limeharibu nyumba. Tulianza kama mchezo, mezani, ili azoee. Alizoea kabla yetu. Sasa hakuna neno linalopita bila mkono, na yeye ndiye anayetoa ruhusa. Bibi bega lake halipandi, kwa hiyo kwa juma zima hakupewa nafasi ya kuchangia, mpaka mama alipoanza kumnyoshea. Kule barazani, mteja mmoja alikuwa amefunikwa kitambaa toka shingoni hadi magotini, akataka kusema mashine imemgusa sikio. Meneja akamwambia, "Nyosha mkono kwanza." Mkono ulikuwa chini ya kitambaa.

Na mimi, Mheshimiwa, sijanyosha hata mara moja. Nyumbani palikuwa mahali pekee nilipokuwa nikisema. Sasa na nyumbani pamekuwa darasani.

4. Sare. Mwalimu alisema sare "imkae mtoto vizuri." Mama ni fundi cherehani na imani yake ni kwamba mtoto hashonewi nguo ya leo. Alimpima Meneja, akaongeza ya mwaka kesho, akaongeza ya mwaka unaofuata, akaongeza na kipande anachokiita "huwezi kujua." Kaptula inaishia pale soksi zinapoanzia, kwa hiyo magoti yake hatujayaona tangu ilipokamilika. Mkono wake ukiingia mfukoni unazama mpaka kiwiko, na kuna kijiko cha nyumbani ambacho tunaamini kiko humo. Hili naomba lisichukuliwe kuwa ni lalamiko dhidi ya mama. Ni lalamiko dhidi ya neno "vizuri." Mama anauliza, vizuri lini?

5. La tano lilihusu chupa ya maji. Nimelifuta, baada ya kufikiri nimeona mwalimu alikuwa na haki.

6. Mwalimu alisema tumwambie mtoto mambo mazuri ya shule ili asiogope. Kila mtu nyumbani alitii, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Baba alimwambia kuna bembea inayofika usawa wa bati. Mama alimwambia walimu hawakasiriki. Bibi, ambaye hajawahi kukaa darasani, alimwambia watoto wakishakula hulazwa na kupepewa mpaka waamke wenyewe. Nakuonya mapema, atadai vyote hivyo, na atamtafuta anayehusika na kupepea.

Mimi sikutaka kumdanganya. Alinikuta naosha sufuria, akaniuliza, "Dada, wewe umemaliza shule. Umepata nini?" Nikamwambia nitapata matokeo. Akauliza yako wapi. Nikasema bado hayajatoka. "Yakitoka?" Nikasema nitatafuta pa kuyapeleka. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi. "Na hiyo sufuria, ulifundishwa shule?" Nikamwambia hapana, sufuria nilifundishwa na mama. Kwa siku mbili alikuwa jikoni karibu na beseni, anasugua kila alichokifikia. Mama alipomuuliza anafanya nini, alisema anaanza na sufuria moja kwa moja, hana haja ya kuzunguka.

Nimelaumiwa sana kwa jambo hili. Lakini naomba unieleze, Mheshimiwa, kwa sababu mimi nimesoma miaka yote ile na sikuona alipokosea.

7. Mwalimu alisema tufanye mazoezi ya kuachana: mzazi atoke kidogo, arudi, kesho akae nje zaidi, mpaka mtoto azoee. Pia alisema, katika kikao hichohicho, tumfundishe mtoto asimfungulie mlango mtu asiyemjua. Sijui kama alifikiria mambo haya mawili yakikutana.

Jumamosi iliyopita mama alitoka, akazunguka nyuma ya nyumba. Meneja hakulia. Aliyelia ni mama, pale penye kamba ya nguo, na baba akatoka kumbembeleza. Bibi akatoka kuona mtoto wake anamfanya nini mke wake. Mimi nikatoka kumshika bibi asianguke kwenye ngazi. Tulipokuwa sote nje tukasikia komeo.

Baba akaenda mlangoni akasema, "Fungua, ni mimi baba." Ndani pakajibiwa kwamba kila mtu anaweza kusema hivyo. Baba akatakiwa kutaja majina yake kamili. Akayataja. Akatakiwa kutaja na ya mke wake. Hapo alisita kidogo, maana jina la tatu la mama huwa halitumii, na mama aliacha kulia papo hapo ili asikilize. Majirani walikuwa wameshatoka. Mmoja akauliza, "Kinyozi, leo umelala wapi?" Mwingine akamshauri baba aombe msamaha kwanza, sababu atazijua baadaye. Bibi akasogea akasema, "Mume wangu, mimi nimesimama juani." Tukadhani amelainika. Kisha sauti ikasema, "Nyosha mkono."

Baba akanigeukia. "Wewe anakusikiliza. Sema naye." Majirani wote wakanitazama, na baba, na mama, na bibi aliyekuwa amenishika. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Nikagonga mlango mara moja tu, polepole. Ndani pakasikika, "Huyo ni dada. Yeye huwa hasemi." Komeo likafunguka.

Nadhani sasa umeelewa, Mheshimiwa, ni mtu wa aina gani mnayetaka kunichukulia. Duniani kuna mtu mmoja anayejua kwamba nisipojibu, ni mimi.

8. Hili ndilo swali nililolikunia sikio kikaoni. Mtoto anayejua kuvaa, kufunga, kukaa, kusikiliza, kusubiri zamu, kutaja majina matatu, kuhesabu vidole, kwenda msalani na kurudi akiwa amenawa, kuachwa bila kulia na kuhoji wazazi wake mlangoni, huyo anakuja shuleni kusomea nini? Watu wazima wa mtaani kwetu hawajafika hapo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumemkunja mpaka amekuwa duara, na nyumba nzima imekunjika naye. Kama haya yote ni kazi ya nyumbani, basi kilichobaki ni kengele, na kengele baba anaweza kununua.

Kutokana na hayo, naomba moja kati ya haya:

Kwanza, Meneja abaki nyumbani mpaka nitakapomaliza kujieleza kwa mwenye duka la dawa. Kwa kasi yangu nakadiria mwaka mmoja.

Kama hilo ni gumu, basi mnipokee na mimi darasa la awali. Masharti yote nimeyatimiza isipokuwa namba tatu. Viti najua ni vidogo. Nitakaa chini, nyuma, karibu na kabati, na hamtanisikia. Sare mama anaweza kunipa hiyohiyo ya Meneja, naamini itanienea.

Kama umri wangu umezidi, basi shule inipe mtu wa kunisemea kila siku hadi saa sita. Awe mwalimu wa zamu, au mwanafunzi yeyote mwenye sauti. Atahitajika dukani, kisimani siku maji ya bomba yakikatika, na kwa mwenye duka la dawa. Nitamrudisha akiwa mzima.

Na kama hata hilo haliwezekani, basi darasa lote la awali lihamie barazani kwetu. Pana nafasi viatu vikiondolewa. Mwalimu atakaa kwenye kiti cha kinyozi, ambacho kinazunguka, na Meneja atakuwa amepata jibu la swali lake la siku ile. Bibi atasimamia usingizi wa mchana na kupepea, kwa hiyo ahadi moja itakuwa imetimia. Gharama ya jengo lenu mtaipunguza kabisa. Nashangaa serikali zote za dunia hazijalifikiria hili.

Sitaki uone kwamba naichukia shule. Mimi niliipenda. Nilikuwa nakaa dirishani, na nilikuwa najua majibu mengi sana. Nilikuwa nayajua tu, yakikaa ndani yangu vizuri, mpaka mwingine alipoyataja. Sitaki Meneja afike huko akajifunza kunyamaza. Naona watoto wakiingia geti lenu wanapiga kelele, na baada ya miaka kadhaa naona wanatoka wanatembea kwa mstari. Sijui katikati huwa kuna nini, na mimi nilikuwemo. Ninyi mnaweza kusema ni adabu. Mimi nina cheti chake, na hakijawahi kuninunulia hata chumvi.

Nasubiri jibu lako kabla ya Jumatatu. Ukipenda kujibu kwa mdomo, tafadhali mwambie mama.

Nisalimie mwalimu wa darasa la awali, na umwambie sina kinyongo naye, alitaja mambo yake kwa sauti nzuri sana. Nisalimie mpishi, na mlinzi wa geti anayefagia majani hata siku ya upepo. Nisalimie watoto wote ambao tayari mnao, hasa wale walioletwa bila kuulizwa. Mama anawasalimu bila kujua kwamba nimeandika. Bibi naye angewasalimu kama angekuwa na moyo mweupe zaidi kuhusu shule.

Kwa utii wote nilionao, na ni mwingi mno,

Dada yake Meneja.

Tanbihi: Haya nayaandika Jumatatu, nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi yako, kwa kalamu ya mlinzi. Inakaribia saa sita, nimerudi kumchukua Meneja. Asubuhi nilikuja na barua hii mkononi nikukabidhi kabla Meneja hajavuka geti. Njia nzima alikuwa anaongea. Alimuuliza fundi baiskeli atamaliza lini. Tulipofika, watoto walikuwa wengi na wengine wanalia. Mwalimu wa darasa akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole, "Karibu. Unaitwa nani?" Meneja akatazama chini. Mwalimu akauliza tena. Nikasubiri, nikijua sasa itakuja, tena majina matatu. Haikuja. Alizunguka nyuma ya sketi yangu, akaivuta kwa nguvu, akanong'ona, "Dada, sema wewe."

Nikasema. Nilitaja majina yake yote. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikujua watu huwa wanaachia wapi, nikaendelea. Nilisema kwamba asisaidiwe viatu hata kama darasa litachelewa. Nilisema akinyamaza hivi si kiburi, ni woga, na huisha akipewa kitu cha kushika. Nilisema habari za bembea aambiwe taratibu, na kaptula isichekwe, itamkaa siku moja. Nikamuuliza mwalimu kama yupo mtu wa kupepea. Nyuma yangu wazazi walikuwa wamesimama foleni wananitazama, niliwaona, na bado sikunyamaza. Mlinzi ndiye aliyesema, "Dada, punguza basi, kengele imeshalia." Mwalimu alimpa Meneja chaki ashike, wakaenda. Kwenye mlango wa darasa aligeuka kunitafuta. Sikumwona vizuri, nilikuwa naeleza mambo yake kwa mama mmoja ambaye simjui.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mwenye duka la dawa bila kusimama popote, nikiogopa nikisimama itaniisha. Amesema nianze kesho, na mbele ya wagonjwa nijitahidi kufupisha.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote yafutwe, pamoja na ombi la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Barua naiacha kwa sababu ya maelezo ya viatu, mwalimu atayahitaji. Mpokeeni. Ila barua iwekeni chini kabisa ya faili lake, asije akaiona, na katika masomo yote mtakayompa, la kusoma naomba msilifanyie haraka.